Muuguzi Aliyeandika Akiwa Kitandani

Avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa kuelekea Kisauni hufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Freretown, makao ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mnamo mwaka 1875. Makao hayo yalipewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Sayyid Barghash apige marufuku biashara ya watumwa. Hayo sisi tuliokulia huku tuliyasikia tangu utotoni. Lisilojulikana sana ni kwamba Frere huyo huyo alikuwa sahibu wa Florence Nightingale, na kwamba tangu mwaka 1867 wawili hao walishirikiana kwa miaka mingi katika masuala ya usafi na afya ya umma nchini India.

Bibi huyo hakukanyaga pwani yetu. Hata hivyo, mtu anayelazwa leo Likoni, Changamwe au Kisauni huhudumiwa na wauguzi ambao mafunzo yao, ukiyafuatilia hadi shinani, yanamgusa yeye. Ndiyo maana naona inafaa tumtazame upya, hasa upande ule ambao sifa za taa yake zimeuficha.

Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, ambao ndio uliompa jina. Wazazi wake walikuwa matajiri, na kwa watu wa tabaka lao uuguzi ulikuwa kazi ya aibu, kazi ya watu waliokosa la kufanya. Alibishana nao kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kwenda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851. Mwaka 1854, vita vya Krimea vilipokuwa vimepamba moto, aliongoza wauguzi 38 hadi hospitali ya jeshi la Uingereza iliyokuwa Scutari, ng'ambo ya pili ya mji wa Istanbul. Huko ndiko alikopata sifa ya kuzunguka usiku na taa mkononi.

Sifa hizo zinahitaji kupunguzwa kidogo, na wa kwanza kuzipunguza alikuwa yeye mwenyewe. Katika majira ya baridi ya kwanza, vifo hospitalini humo viliongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa jengo lilisimama juu ya mifereji ya maji taka iliyoziba. Vilishuka sana baada ya tume ya usafi iliyowasili Machi 1855 kuizibua mifereji hiyo. Aliporejea kwao alikaa na mtakwimu William Farr, wakazichambua hesabu za vifo, na hesabu zikamwonyesha kwamba upendo na taa havikutosha. Si kila shujaa anayekubali kuhesabiwa maiti wake. (Tusisahau pia Mary Seacole wa Jamaika, aliyekataliwa na wakubwa wa London akaenda Krimea kwa gharama zake mwenyewe, huyo anastahili makala yake.)

Jambo ninalolithamini zaidi katika maisha yake lilitokana na maradhi. Mnamo Mei 1855 alishikwa na homa kali huko Krimea. Wataalamu kadhaa wa siku hizi hudhani ilikuwa bruselosisi, ugonjwa utokanao na mifugo na maziwa mabichi, ambao wafugaji wa Kenya wanaujua vyema. Hakupona sawasawa. Tangu mwaka 1857 aliishi miaka mingi akiwa chumbani, kitandani au juu ya kochi, akipokea wageni mmoja mmoja. Kutoka katika hali hiyo ndipo alipoandika Notes on Nursing, kilichotoka mwishoni mwa 1859, miezi kadhaa kabla ya shule yake ya wauguzi kufunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London.

Ukikisoma kitabu hicho utaona kwamba macho yanayotazama chumba ni ya mgonjwa. Mwandishi anakataza kunong'ona mlangoni, kwani mgonjwa anajua kuwa anasemwa yeye na anajichosha kutega sikio. Anakataza kusema na mgonjwa ukiwa nyuma yake au kwa mbali. Anataka muuguzi aketi mahali ambapo mgonjwa atamwona bila kugeuza shingo, na akitoka aseme anatoka na atarudi lini. Anawakemea wageni wanaompa mgonjwa matumaini ya uongo, na kumnyima hivyo nafasi ya kueleza khofu yake. Tena hakuwaandikia watu wa hospitali peke yao; aliwaandikia wanawake wa kawaida waliokuwa na mgonjwa nyumbani.

Hapo ndipo fani yangu ya isimu inaponiingiza. Katika Kiswahili, pungua huzaa punguza, na ungua huzaa unguza. Mpishi akiunguza wali, yeye ndiye sababu ya wali kuungua. Kwa kanuni hiyo, kuuguza kungekuwa kumsababishia mtu ugonjwa. La hasha! Anayeuguza hushika ugonjwa pamoja na anayeugua, kama vile mkunga anavyozalisha bila ya yeye kuzaa. Na mtu wa pwani ambaye mwanawe ni mgonjwa husema ameuguliwa, kama vile asemavyo amefiwa: tukio la mmoja limewaangukia wawili. Hildegard Peplau wa Marekani, aliyefungua uwanja wa nadharia ya uhusiano baina ya muuguzi na mgonjwa kwa kitabu chake cha mwaka 1952, alieleza kwa kurasa nyingi jinsi watu wawili wanaokutana wakiwa wageni wanavyofikia kufanya kazi moja. Sarufi yetu ilikuwa imekwisha kuliweka hilo katika kitenzi kimoja.

Nightingale alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey. Kaburi lake kijijini East Wellow lina herufi mbili za jina lake na tarehe tu.

Nakiri kwamba kitabu chake nilikisoma kwa kuchelewa. Miaka michache iliyopita mama yangu alilazwa katika hospitali moja ya huku bara. Kila daktari alipopita nilisimama naye miguuni pa kitanda, nami, kwa kuona fahari ya shahada yangu, nikamhoji kwa Kiingereza juu ya mgonjwa aliyekuwa akitutazama. Mama hajui Kiingereza. Siku ya tatu aliniuliza tulikuwa tumemwamulia nini. Nilitafuta jibu la kumpumbaza, nikampa, naye akanyamaza.

Jioni ile alikuja muuguzi kijana mwenye asili ya magharibi mwa nchi. Kiswahili chake kilikuwa kikimponyoka ngeli moja baada ya nyingine, na wakati mwingine ningalimsahihisha. Alivuta kibao, akaketi usawa wa uso wa mama, akamwita mama, akamweleza dawa ipi itasitishwa, ipi itaanza na kwa nini, kisha akamwuliza analoliogopa. Mama alilitaja. Mimi mwanawe sikuwa nimewahi kulisikia.

Kesho yake nilipofika nilikwenda kusimama pale pale pa siku zote, miguuni. Mama alininyoshea kidole kile kibao.