Mary McMillan, mwalimu aliyeifanya tiba ya viungo kuwa taaluma

Mtu akivunjika mguu au akipatwa na kiharusi, siku hizi daktari humwelekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Huko hufundishwa upya kusimama, kupiga hatua na hata kushika kikombe. Ni wachache wanaojiuliza kazi hiyo ilipataje kuwa somo la chuoni. Katika makala hii tunamwangalia Mary McMillan, mwanamke anayehesabiwa kuwa mama wa taaluma hiyo nchini Marekani.

McMillan alizaliwa mwaka 1880 katika jimbo la Massachusetts. Alifiwa na mama yake akiwa mtoto mdogo, akapelekwa Liverpool, Uingereza, kulelewa na ndugu. Huko ndiko alikosoma, kisha akafanya kazi na Robert Jones, daktari bingwa wa mifupa aliyejulikana kwa kuwatibu watoto wenye ulemavu. Katika tiba ya namna hiyo upasuaji peke yake hautoshi. Kiungo kilichonyooshwa kisipokandwa na kufanyishwa mazoezi hukakamaa tena.

Ujuzi huo ndio aliorudi nao Marekani wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea Ulaya. Alianza katika hospitali ya watoto jimboni Maine. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, jeshi lilijua kwamba majeruhi wangerudi kwa wingi, lakini watu wa kuwarudishia nguvu za viungo hawakuwapo. Mwaka 1918 McMillan alichukuliwa na Hospitali ya Jeshi ya Walter Reed, mjini Washington, akiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kufanya kazi hiyo jeshini. Mwaka huohuo akavuka nchi hadi Chuo cha Reed, jimbo la Oregon, kuwafundisha wanawake wengine. Kwa miezi michache tu walisomeshwa maumbile ya mwili, ukandaji wa misuli na mazoezi ya tiba, kisha wakapelekwa hospitalini.

Vita vilipokwisha, shida nyingine ikaanza. Wanawake hao walihesabiwa kuwa raia tu, bila cheo cha kijeshi, na jeshi lilipopunguza hospitali zake wengi waliachishwa kazi. Ujuzi uliopatikana kwa jasho ungeweza kutawanyika na kusahaulika.

McMillan hakukubali. Januari 1921, wanawake 30 walikutana katika mkahawa mmoja mjini New York wakaunda chama chao, naye akawa rais wa kwanza. Mwaka huohuo alichapisha kitabu cha kufundishia ukandaji na mazoezi ya tiba. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja: kitabu kiliwapa walimu mahali pa kuanzia, na chama kiliweza kudai kwamba asiyesoma asiguse mgonjwa. Baadaye alifundisha Harvard, na mwaka 1932 akaenda China kufundisha katika chuo cha udaktari mjini Beijing.

Vita vya pili vilimkuta ugenini. Desemba 1941, Japani iliposhambulia, McMillan alikuwa Manila, Ufilipino. Alikamatwa pamoja na raia wengine wa kigeni, wakafungiwa katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas kilichogeuzwa kambi. Alikuwa amepita umri wa miaka 60. Hata humo aliendelea kuwahudumia wafungwa wenzake kwa tiba ileile. Baadaye alihamishiwa kambi nyingine karibu na Shanghai, kabla ya kurudishwa kwao afya yake ikiwa imedhoofika.

McMillan alifariki mwaka 1959. Chama alichokianzisha kipo hadi leo, na mhadhara wake wa heshima umepewa jina lake. Tukiyatazama maisha yake, tunaona kwamba mikono yake miwili ingewahudumia wagonjwa wachache tu kwa siku. Kwa kufundisha, aliwafikia wengi ambao hakuwahi kuonana nao.