Somo la Daktari Irvine wa Chogoria

Nionavyo mimi, vijana wetu wa Meru na Embu wanaosoma historia ya misheni hukariri tarehe, lakini hawapewi nafasi ya kuzipima. Chukua mfano wa Dkt. Clive Irvine.

Tabibu huyu wa Scotland alifika Chogoria, mashariki ya Mlima Kenya, mwaka wa 1922. Fedha za baba mkwe wake, Ernest Carr, zilisaidia sana kukiinua kituo hicho, na baadaye pakawa na hospitali, shule na kanisa.

Madaktari wa misheni walitambua kwamba makovu ya tohara ya wasichana huweza kumtatiza mama anapojifungua. Katika miaka ya 1920 mabaraza ya wenyeji ya Meru na Embu yalikuwa yametunga kanuni za kupunguza ukali wa mila hiyo. Irvine alitaka ikomeshwe kabisa. Mwaka wa 1929 waumini wakatakiwa kuikana kwa ahadi rasmi. Wengi mno waliliacha kanisa la Chogoria.

Serikali nayo ilishika njia nyingine. Katika miaka ya 1930 maofisa wa Meru walihofia kwamba mimba za wasichana wasiotahiriwa zilikuwa zikiavywa na kwamba uzazi ungepungua. Dawa yao ikawa kuhimiza wasichana watahiriwe wakiwa wadogo zaidi! Kisha, mwaka wa 1956, wazee wa Njuri Ncheke wakapiga marufuku tohara hiyo. Wasichana wakaasi, wakatahiriana wenyewe kwa nyembe.

Mmishonari, ofisa na mzee, kila mmoja aliamua juu ya uzazi wa mwanamke pasipo kumwuliza mwenyewe. Sisemi kwamba Irvine alikosea kuhusu madhara. Elimu ya leo inamwunga mkono. Nasema kwamba ukweli ulioletwa kwa amri ulimponyoka.

Hospitali yake ilidumu. Wauguzi na wahudumu walipoanza kwenda vijijini kuzungumza na akina mama, hali ilibadilika: kufikia katikati ya miaka ya 1980, kiwango cha upangaji uzazi katika eneo la Chogoria kilizidi mara mbili kile cha taifa zima. Hawakushurutishwa kwa kiapo.

Tangu 2011 sheria ya Kenya inakataza ukeketaji. Ni sheria njema. Hata hivyo, mwalimu mwenzangu, usiishie kuisoma darasani. Waulize wasichana wako wanaonaje, kisha uwasikilize.