Jaafar bin Abi Twalib (R.A.) Arudi Kutoka Habasha

Hapa Butere tunao wenzetu waliokwenda kufanya kazi Saudia wakarudi. Marafiki wamebaki kule, na hapa nyumbani wanaonekana wamechelewa. Hebu tumtazame Jaafar (R.A.), binamu yake Mtume (S.A.W.).

Mateso ya Makka yalipozidi, alihamia Habasha pamoja na mkewe, Asmaa bint Umays. Mfalme Najashi alimsikia akisoma Suratu Maryam, akalia, akawapa hifadhi. Walikaa zaidi ya miaka 10, wakajaliwa watoto huko huko.

Mwaka wa 7 Hijria (628) wakaagana na Najashi, wakapanda jahazi kwenda Madina, mji ambao hawakuwahi kuuona. Mtume (S.A.W.) ndiyo kwanza ameiteka Khaybar. Alimkumbatia Jaafar, asijue afurahie lipi zaidi, ushindi au kurudi kwake.

Lakini Umar (R.A.) akamwambia Asmaa kuwa wao wa Madina wamewatangulia kwa hijra. Asmaa aliudhika, akaenda kumuuliza Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Akajibiwa kuwa wenzao wana hijra moja, na watu wa jahazi wana mbili.

Jaafar alikaa kwao kama mwaka mmoja tu, akafa shahidi Mu'ta mwaka 629. Najashi naye alipofariki, Mtume (S.A.W.) alimswalia swala ya ghaibu akiwa Madina. Rafiki wa mbali hakusahauliwa.

Basi vijana wenzangu, anayerudi tusimhesabie miaka. Tumkaribishe futari, na wale aliowaacha kule tuwaombee dua pamoja naye.