Habari za Maisha ya Profesa Wangari Maathai

Wazazi wengi wa hapa Myamba hufurahi mtoto wao akipenda bayolojia, maana hutumaini kumwona daktari. Lakini mtoto asipopata nafasi ya udaktari, huuliza somo lile litamfaa nini. Hata mimi nimeulizwa hivyo nyumbani, kwa sababu nipo kidato cha nne na siku za kuchagua masomo ya kidato cha tano zimekaribia. Kwa hiyo nimeona vema niwaeleze wasomaji wa gazeti letu habari za bibi mmoja aliyesoma bayolojia, wala hakuwa daktari wa wagonjwa. Alifariki wakati wadogo zetu wa kidato cha kwanza hawajazaliwa.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, karibu na Nyeri, nchi ya Kenya. Siku zile wasichana wengi walibaki nyumbani. Kaka yake ndiye aliyeuliza kwa nini Wangari naye haendi shuleni, na mama yao akakubali apelekwe. Karibu na nyumbani palikuwa na mti mkubwa ambao Wakikuyu huuita mugumo. Mama alimkataza kuokota kuni zake, kwa kuwa ulihesabiwa kuwa mti wa Mungu. Hapo palitoka chemchemi, na mtoto akicheza kijitoni aliona mayai ya vyura akayadhani ni shanga, akajaribu kuyatungia mkufu. Naona hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza la bayolojia.

Alimaliza shule ya sekondari ya wasichana ya Loreto, Limuru, mwaka 1959. Huko mtawa mmoja aliyefundisha sayansi alimtia hamu ya somo hilo. Mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana waliopelekwa kusoma Marekani kwa ndege, mpango ambao Tom Mboya aliushughulikia sana. Yeye alikwenda Atchison, mji mdogo wa jimbo la Kansas, katika chuo cha wanawake cha Mount St. Scholastica kilichoongozwa na masista wa Kibenediktini. Vyuo vya namna hii havimfungi mwanafunzi katika somo moja tu. Humtaka aonje mengi kando ya somo lake kuu. Somo kuu la Wangari lilikuwa bayolojia, na pamoja nalo alisoma kemia na Kijerumani. Pengine msomaji atacheka na kuuliza Kijerumani cha nini kwa mtu wa vyura na majani. Ngoja kidogo.

Alipata shahada mwaka 1964, kisha akaongeza ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Aliporudi Kenya mwaka 1966 alikuta kazi aliyoahidiwa amepewa mtu mwingine. Akaipata nyingine kwa profesa Mjerumani aliyefundisha maumbile ya miili ya wanyama, akaenda Ujerumani kuendelea na utafiti, na lugha ile ikamfaa. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari wa elimu huko Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuipata.

Sasa ndipo nataka wazazi wasikilize. Wangari alikuwa akichunguza kupe, wale wanaoeneza ndigana kali kwa ng'ombe. Akaenda vijijini kuwakusanya. Lakini macho yake hayakuishia kwenye kupe. Aliona ng'ombe wamekonda, watu nao hawana afya, na mito imegeuka rangi kwa udongo uliochukuliwa na mvua. Huko kwao ule mugumo ulikuwa umekatwa, na kijito kimekauka. Akafahamu sababu: mizizi ya mti ule ilishuka chini sana, ikashika udongo na kuyapa maji njia ya kupanda juu. Sisi wa Upare, ambao mashamba yetu hungoja maji ya ndiva na mifereji, hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili.

Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenziwe walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Ndiyo ikawa mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Wanawake wa vijijini walifundishwa kuotesha miche, na kwa kila mche uliokuwa hai walipewa malipo madogo. Wataalamu wa misitu walikuwa na shaka kama akina mama wasio na vyeti wataweza. Hata kufika mwaka 2004 miti iliyopandwa ilipita milioni 30.

Alipata maadui pia. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, na halikujengwa. Mwaka 1992 alipigwa na askari mpaka akazimia. Mwaka 2004 akapewa Nishani ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipokea.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, basi likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.