Ibn Sina na usingizi aliojinyima

Mitihani ya kidato cha nne inakaribia, na taa ya chumba cha mwanangu huwaka mpaka saa nane za usiku. Nilipomwambia alale, alinijibu kwa adabu kwamba Ibn Sina hakuwa akilala, ndiyo maana akawa Ibn Sina. Maneno hayo aliyasikia kwenye mawaidha. Sikuwa na jawabu la haraka, nikaenda kuisoma upya habari ya mzee huyo. Kijana hakusema uongo, ila kisa alikipokea nusu.

Abu Ali Ibn Sina alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, mji ambao leo uko Uzbekistan. Alipotimiza miaka 10 alikuwa ameshahifadhi Qur'ani. Baba yake, ofisa wa serikali ya Wasamani, alimpeleka kwa muuza mboga mmoja akafundishwe hesabu za Kihindi, na mimi humpenda sana baba huyo kwa kutoona haya. Kijana alipofika miaka 16 matabibu walikuwa wakija kusoma kwake.

Kisha ukaja ule mwaka mmoja na nusu anaousimulia mwenyewe, ambao hakulala hata usiku mmoja kamili. Swali likimshinda alikwenda msikitini, akaswali na kumwomba Mola amfungulie. Usiku akarudi kwenye taa yake. Usingizi ukimzidi, alikunywa kikombe cha sharabu ili apate nguvu; wafasiri wengi wanasema ulikuwa mvinyo, na hilo ni moja kati ya anayolaumiwa mpaka leo. Mawaidha huliruka.

Lakini huruka na jingine. Ibn Sina anaeleza kwamba kila alipopitiwa na usingizi aliyaota maswali yale yale, na mengi yalimfunukia akiwa amelala. Yaani huyu tunayemtolea mfano wa kukesha, ametuachia ushahidi wake mwenyewe kwamba sehemu ya kazi yake ilifanywa na usingizi.

Sayansi ya leo ingemwelewa. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, ambayo hupokea mambo mapya tunayojifunza mchana. Tukilala usingizi mzito, seli zake huyarudia mambo hayo, kama mtoto wa chuoni anayedurusu aya alizosomeshwa, na taratibu yanajengeka katika tabaka la juu la ubongo yanakokaa muda mrefu. Aliyesoma mpaka alfajiri bila kulala amepokea mzigo akaunyima nafasi ya kupangwa ghalani. Vijana wa umri wa mwanangu wanahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku.

Ibn Sina hakuwa na namna ya kuyaona hayo. Umeme wa ubongo wa binadamu ulirekodiwa mara ya kwanza mwaka 1924, na Hans Berger wa Ujerumani. Yeye aliamini kwamba kumbukumbu inakaa katika uwazi ulio nyuma ya ubongo, na hapo alikosea. Hata hivyo katika al-Qanun fi al-Tibb, kitabu chake kikubwa cha tiba ambacho vyuo vya Ulaya vilikitumia kwa karne kadhaa, aliandika kwamba kukesha kupita kiasi hukausha ubongo, huudhoofisha na kuvuruga akili. Sababu aliyoitoa imepitwa na wakati. Onyo lenyewe bado linafaa.

Mwenyewe hakulifuata. Huko Hamadan, Uajemi, alifanywa waziri wa Amiri Shams al-Dawla. Askari wakamchukia, wakaipora nyumba yake na kutaka auawe, akajificha siku 40 mpaka maradhi ya tumbo ya Amiri yaliporudi na daktari akahitajika tena. Mchana ulikuwa wa Amiri. Usiku wanafunzi walikusanyika nyumbani kwake, huyu akisoma al-Shifa na yule al-Qanun, na darasa likiisha waliingia waimbaji. Amiri alipofariki, Ibn Sina alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na humo gerezani pia akaandika vitabu. Baadaye alitoroka Hamadan akiwa amevaa kisufi, akafika Isfahan.

Mwanafunzi wake al-Juzjani, aliyekaa naye takriban miaka 25, hakuficha kwamba ustadhi wake hakuuhurumia mwili wake. Akiwa safarini na jeshi la mtawala wa Isfahan, Ibn Sina alishikwa na msokoto wa tumbo. Aliogopa kuachwa nyuma jeshi likikimbia, kwa hiyo akataka apone siku ile ile. Akajitibu kwa dawa inayoingizwa kwa njia ya nyuma, mara 8 kwa siku moja, mpaka matumbo yakapata vidonda. Mgonjwa mwingine angekuja na haraka kama hiyo, naamini angemkatalia. Watumishi waliokuwa wamemwibia mali nao wakamzidishia afyuni katika dawa, ili asipone akawauliza.

Alipata nafuu, akarudi kwenye mambo yake kabla ya nguvu kurejea, na maradhi yakawa yanakuja na kuondoka. Alipoingia Hamadan mara ya mwisho alitambua kwamba mwili umeshindwa, akaacha kujitibu. Wanaandika kwamba alitubu, akatoa sadaka mali aliyokuwa nayo, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimisha Qur'ani kila baada ya siku tatu. Alifariki mwaka 1037, akiwa na miaka 57, na kaburi lake liko huko huko Hamadan.

Nilimsimulia mwanangu yote haya, pamoja na yale yanayorukwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama akilala sasa nitamwamsha saa kumi.