Rembrandt na Gamba Lililogeuka

Hebu tazama muhuri wa ofisi ya mwalimu mkuu. Herufi zake zimekaa kinyumenyume, ama sivyo? Jambo hilo Rembrandt alilijua sana.

Alizaliwa mwaka wa 1606 mjini Leiden, Uholanzi, baba yake akiwa msagaji nafaka. Alihamia Amsterdam, akawa mchoraji wa kutajika. Mkewe Saskia alifariki 1642. Pesa nyingi alizimaliza kwa kununua vitu vya ajabuajabu, hata magamba ya konokono kutoka bahari za mbali.

Mwaka wa 1650 aliamua kuchora gamba moja, jeusi lenye madoa meupe, si kama haya tunayookota hapa ufuoni Dunga. Alipaka bamba la shaba nta, akachora kwa sindano mpaka shaba ikaonekana, kisha akatia asidi. Penye nta asidi haikugusa kitu. Penye mistari ikala shaba. Wino ukajazwa mle mitaroni, karatasi mbichi ikakandamizwa juu.

Picha ya namna hii hutoka imegeuka. Kwa hiyo jina lake na mwaka aliviandika kinyume, vikasomeka sawa. Lakini gamba lenyewe hakuligeuza! La kweli huzunguka kulia, lake likatoka limezunguka kushoto. Baadaye alilirudia bamba, akatia giza nyuma ya gamba, mzunguko akauacha vilevile. Nadhani alijali kivuli tu.

Mwaka wa 1656 alifilisika, mali yake ikaorodheshwa na kuuzwa, magamba pia. Alifariki 1669, akazikwa kanisani Westerkerk katika kaburi la kukodi.