Fritz Haber: Mtaalamu wa Mbolea na Sumu

Askari yeyote aliyewahi kufagia zizi la ng'ombe asubuhi, huko Mukuju wilayani Tororo, anaijua harufu kali ichomayo macho. Hiyo ni amonia. Mtu aliyegundua namna ya kuitengeneza gesi hiyo kutokana na hewa ni Mjerumani Fritz Haber, na maisha yake yana fundisho kwetu sisi tuliokabidhiwa silaha.

Haber alizaliwa tarehe 9 Desemba, 1868, mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Mwaka 1909, akifundisha mjini Karlsruhe, alifaulu kuunganisha naitrojeni na haidrojeni kwa joto na kani kubwa, akapata amonia. Carl Bosch aliikuza kazi hiyo, na mwaka 1913 kiwanda kikaanza kazi Oppau. Mamilioni ya watu wameshiba kwa mbolea iliyotokana na ugunduzi huo.

Vita vilipozuka mwaka 1914, amonia hiyo hiyo ilitumika kutengenezea baruti. Haber alivaa sare, akapewa cheo cha kapteni, na tarehe 22 Aprili, 1915, alisimamia kufunguliwa kwa gesi ya klorini karibu na Ypres, Ubelgiji. Upepo uliipeleka hadi kwenye mahandaki ya adui. Tarehe 2 Mei mkewe Clara, naye mkemia, alijiua kwa bastola ya mumewe. Haber alirudi vitani.

Alitunukiwa Nishani ya Nobel ya mwaka 1918 kwa kazi ya amonia. Lakini mwaka 1933 utawala wa Hitler ulipowafukuza Wayahudi kazini, yeye aliyezaliwa Myahudi alijiuzulu, akaihama nchi aliyoitumikia. Alifariki Basel, Uswisi, tarehe 29 Januari, 1934.

Amonia nayo haikomi shambani. Urea iliyomwagwa juu ya udongo, na samadi isiyofunikwa, huitoa hewani. Upepo huichukua, kisha hushuka mahali pengine, mara nyingi pamoja na mvua. Huko huzidisha uchachu wa udongo na kustawisha magugu majini. Mto Malaba humwaga maji yake Mpologoma, nao Mpologoma huyafikisha Ziwa Kyoga.

Hivyo basi, sisi wenye mashamba kambini na nyumbani hatuna budi kuifukia urea na kuifunika samadi. Tukifanya hivyo, mbolea tuliyoinunua itabaki kwenye mahindi yetu, na jirani hatapokea asichokiomba. Haber alijua kuutumia upepo; hakujali uliwaangukia nani. Askari mwema sharti ajali.